Thomas Cranmer

Thomas Cranmer (Aslockton, Nottinghamshire, 2 Julai 1489 – Oxford, 21 Machi 1556) alikuwa Askofu Mkuu wa Canterbury nchini Uingereza tangu mwaka 1533. Anajulikana hasa kama mtungaji mkuu wa Kitabu cha Sala, ambacho ni msingi wa ibada za Kianglikana.

Maisha

Alisoma na kufundisha katika Chuo Kikuu cha Cambridge. Mwaka 1532, akiwa balozi wa mfalme Henry VIII huko Ujerumani, alimwoa Margarete, ingawa mapadri hawakuruhusiwa kuoa. Ndoa hiyo ilifichwa kwa miaka mingi. Mwaka uliofuata alitangaza kwamba ndoa ya mfalme na Catherine wa Aragon ilikuwa batili.

Kitabu cha Sala

Kabla yake ibada ziliendeshwa kwa Kilatini, lugha ambayo waumini wengi hawakuielewa. Mwaka 1544 Cranmer alitoa Litania kwa Kiingereza. Kitabu kamili kilianza kutumika siku ya Pentekoste, 9 Juni 1549, chini ya mfalme Edward VI. Vipindi vinane vya sala vya wamonaki vilifupishwa kuwa viwili: Sala ya Asubuhi na Sala ya Jioni, pamoja na zaburi na masomo ya Biblia. Ndani yake mlikuwa pia na Ushirika Mtakatifu, ubatizo, kipaimara, ndoa na mazishi.

Watu wa Devon na Cornwall waliasi wakidai misa ya Kilatini irudishwe. Uasi huo ulizimwa kwa nguvu na maelfu waliuawa. Toleo la pili, la mwaka 1552, lilifuata zaidi mafundisho ya Kiprotestanti.

Kifo

Malkia Mary I, Mkatoliki, alipotawala mwaka 1553, Cranmer alifungwa. Akiwa gerezani alitia sahihi hati kadhaa za kukana mafundisho yake, lakini hakusamehewa. Siku ya kuuawa alitakiwa kuyakana tena hadharani, naye badala yake akazikana hati zenyewe. Alipochomwa moto, alitanguliza motoni mkono wa kulia uliotia sahihi.

Urithi

Toleo la mwaka 1662 lilihifadhi sehemu kubwa ya kazi yake. Kwa njia ya wamisionari mpangilio huo wa ibada ulifika pia Afrika ya Mashariki, ukatafsiriwa kwa Kiswahili. Kanisa la Uingereza humkumbuka tarehe 21 Machi.