Johann Wichern na Gurudumu la Majilio

Majilio yamefika tena, na maswali ya watoto yamefika pamoja nayo. Wanauliza Noeli ni lini, nguo mpya iko wapi, kama tutakula nyama. Wazazi wengi hapa kambini husikia maswali hayo kama mtu anayedaiwa deni, na wengine hukasirika kabla hata ya kujibu. Ndiyo sababu tumeona vema kuwasimulia habari za mtumishi mmoja aliyeulizwa swali hilohilo na watoto wasio na kitu, naye akalijibu kwa gurudumu.

Jina lake ni Johann Hinrich Wichern. Alizaliwa tarehe 21 Aprili 1808 katika Hamburg, mji wa bandari ulio kaskazini mwa Ujerumani. Alikuwa mtoto wa miaka mitano wakati jeshi la Ufaransa, lililokuwa limeushika mji, lilipowafukuza maelfu ya wakazi wasiokuwa na akiba ya chakula. Walitolewa nje ya malango katika baridi kali, siku zilezile za Noeli ya mwaka 1813, na wengi wao walikufa katika miezi iliyofuata. Sisi ambao tuliondoka makwetu usiku na mtoto mgongoni hatuhitaji kuelezwa sana jambo hilo.

Baba yake alifariki mwaka 1823. Johann alikuwa na miaka 15, tena ndiye kifungua mimba, hivyo akaanza kufundisha watoto wa wengine ili mama na wadogo zake wapate kula. Baadaye alisaidiwa na watu wema akasoma theolojia katika Göttingen na Berlin. Aliporudi nyumbani mwaka 1832 alifundisha shule ya Jumapili katika mtaa wa St. Georg. Hakungoja watoto waje kanisani tu. Aliwafuata majumbani, katika vichochoro ambako familia nzima ilikaa chumba kimoja chenye unyevunyevu, akaona njaa, ulevi, na watoto waliokwisha kujifunza kuiba.

Mwaka 1833 tajiri mmoja, Karl Sieveking, alimpa nyumba ndogo ya zamani huko Horn, nje ya mji. Iliitwa Rauhes Haus. Wichern alihamia humo pamoja na mama yake, na kabla mwaka haujaisha walikuwa wamepokea wavulana 12. Mtoto alipoingia aliambiwa kwamba yote aliyoyafanya nyuma yamesamehewa. Hapakuwa na ukuta wala kufuli, jambo ambalo watu wa wakati ule waliliona kama wazimu. Watoto waliishi kama jamaa, kumi au kumi na wawili pamoja na ndugu mmoja wa kuwalea, wakajifunza ushonaji, useremala na utengenezaji wa viatu, hata wakasaidia kujenga nyumba zao wenyewe. Mwaka 1835 Wichern alimwoa Amanda Böhme, na Mungu akawapa watoto tisa. Nyumba yote iliishi kwa michango. Tunaweza kufikiri jinsi mwezi wa kumi na mbili ulivyomkuta mama Amanda na hesabu zake.

Sasa tufike kwenye gurudumu. Kila Majilio watoto walimsumbua Wichern wakiuliza zimebaki siku ngapi. Mwaka 1839 alichukua gurudumu la mkokoteni, akapanga juu yake mishumaa: minne mikubwa myeupe kwa ajili ya Jumapili nne, na midogo myekundu kwa siku za katikati. Likatundikwa katika ukumbi wa sala. Kila siku walikusanyika, wakaimba, wakaomba, na mshumaa mmoja zaidi ukawashwa. Mtoto asiyejua kuhesabu aliweza kutazama juu akaona mwenyewe.

Tunaomba mtafakari jambo hili pamoja nasi. Watoto wale walikuwa wamezoea kungoja vitu visivyo na tarehe. Walimngoja baba mlevi arudi, na mkate ambao pengine haukuja. Na sisi hapa tunangoja hivyo hivyo: mgao uliosogezwa mbele, majina yatakayobandikwa ubaoni, habari za amani kutoka nyumbani. Kungoja kwa namna hiyo kunachosha roho, na mtoto akikua ndani yake huacha kuamini ahadi yoyote. Wichern hakuweza kuwapa watoto wake mali. Aliwapa siku moja ambayo haiwezi kuahirishwa na ofisi yoyote, na njia ya kuiona inakaribia. Kristo alikuja kweli, katika zizi la wanyama, kwa wazazi waliosafirishwa na amri ya serikali, na muda si mrefu wakawa wakimbizi Misri.

Kazi ya Wichern ilikua sana. Mapema mwaka 1848, homa ya tifasi (typhus) na njaa zilipoua watu wengi Upper Silesia, alikwenda huko na ndugu zake kuwahudumia yatima. Septemba mwaka huohuo alisimama Wittenberg mbele ya viongozi wa makanisa, akawaambia kwamba upendo kwa maskini ni sehemu ya imani yenyewe. Kutoka hapo kazi ya udiakonia ilienea Ujerumani yote. Alishughulika pia na magereza ya Prussia. Katika siasa aliyaogopa mno mapinduzi, akawa upande wa mfalme kuliko wa wafanyakazi waliodai haki, hapo hatumfuati. Miaka ya mwisho aliugua kwa muda mrefu, na alifariki tarehe 7 Aprili 1881. Mabomu ya mwaka 1943 yaliharibu sehemu kubwa ya Rauhes Haus, lakini ilijengwa tena, na hadi leo inahudumia watoto, wazee na wagonjwa. Gurudumu nalo lilisafiri. Watu waliongeza majani mabichi, wakaipunguza mishumaa ibaki minne, na makanisa mengi yamelipokea.

Kwa nyumba zetu za turubai na nyasi hatushauri mishumaa kabisa, moto tumeuona. Mama mmoja anaweza kuweka punje za mahindi kwenye kopo, moja kwa kila siku iliyobaki, na mtoto akatoa moja kila jioni baada ya sala. Kanisani vijana wametundika rimu ya baiskeli kuukuu karibu na mimbari, na mishumaa minne imeshapatikana. Mshumaa wa kwanza utawashwa na watoto wanaoishi bila wazazi. Tunaomba walezi wao wawalete mapema, kabla ya kengele ya pili.