Bibi Aliyechuja Kahawa kwa Karatasi ya Shule

Ukitoka hapa Lanet ukashika njia ya Bahati mpaka Subukia, utaiona mibuni imesimama mashambani. Lakini ingia katika nyumba za watu wa njia hiyo hiyo, na utakaribishwa chai. Buni zetu hupita barabarani zikielekea Nairobi na kisha ng'ambo, nasi tukabaki na majani ya Kericho. Jambo hili lina chanzo chake. Serikali ya kikoloni ilimzuia Mwafrika wa Kenya kulima kahawa mpaka miaka ya 1930, na hata ruhusa ilipotoka ilitoka kwa kubanwa, kwanza kwa wakulima wachache wa Meru, Embu na Kisii. Si rahisi mtu kuzoea kinywaji cha mmea ambao babu yake aliuchuma kwa ajili ya mwingine.

Kwa hiyo sikushangaa kwamba kahawa ilipoingia nyumbani mwangu iliingia pamoja na ubishi. Binti yangu, ambaye hufanya kazi Nairobi, alituletea mashine ndogo ya stima. Unatia kijikopo chenye kahawa gramu 5 hivi, unabonyeza, na kabla ya dakika moja kwisha umepata kikombe kimoja cha mtu mmoja. Mashine za namna hii ziliingizwa sokoni na kampuni ya Nestlé mwaka 1986, kutokana na ubunifu wa mhandisi Mswisi, Eric Favre. Mama watoto naye ana birika lake la kuwatosha watu wanane, na hataki kusikia habari ya chombo kinachomhudumia mmoja huku wengine wakitazama. Nimeombwa niamue. Nami nikiombwa kuamua jambo hutafuta kwanza aliyenitangulia kulifikiri, na katika jambo hili aliyetutangulia sote ni mama mmoja Mjerumani aliyeitwa Melitta Bentz.

Bibi huyu alizaliwa mjini Dresden tarehe 31 Januari, 1873, akiitwa Melitta Liebscher. Baba yake alikuwa mtu wa kazi ya vitabu. Aliolewa na Hugo Bentz, msimamizi wa duka kubwa, wakajaliwa watoto wa kiume wawili, Willy na Horst, na baadaye binti, Herta. Hakuwa fundi, hakuwa mwanakemia. Alikuwa mama wa nyumbani mwenye kero moja, nayo ilikuwa machicha.

Msomaji wa Mombasa au Lamu anaijua kero hiyo, ingawa kwake si kero. Muuza kahawa wa pwani huweka dele lake la shaba juu ya makaa, kahawa ikachemka na tangawizi yake, kisha akamimina katika vikombe vidogo visivyo na mkono. Machicha hutuama chini, na mnywaji mwenye adabu huacha funda la mwisho. Wahaya wa Bukoba walimaliza mambo kwa njia fupi zaidi: tangu zamani walitafuna buni yenyewe, bila dele wala kikombe. Lakini Dresden watu walitaka kikombe kisafi hadi chini. Walitumia vichujio vya kitambaa, ambavyo vilishika harufu na vikawa taabu kufua, au vya udongo na bati vyenye matundu, ambavyo vilipitisha unga. Na kahawa iliyokaa motoni pamoja na machicha yake ilizidi kuwa chungu.

Basi Bi. Melitta alichukua kopo la shaba nyeupe, akalitoboa chini kwa msumari na nyundo. Ndani yake akatandika karatasi ya kunyonya wino aliyoikata katika daftari la shule la mwanawe Willy. Akatia kahawa iliyosagwa, akamimina maji ya moto juu yake, na kilichodondoka chini kilikuwa kahawa tupu. Karatasi na machicha vikatupwa pamoja. Hapakuwa na kitu cha kufua.

Wengi wangeishia hapo, wakawaonyesha majirani na kusifiwa. Yeye alikwenda kuandikisha haki ya uvumbuzi wake katika ofisi ya serikali mjini Berlin, akaipata mwaka 1908. Tarehe 15 Desemba mwaka huo huo akaandikisha kampuni, mtaji wake pfennig 73, yaani hata mark moja haikutimia. Karakana ilikuwa chumba kimoja cha nyumba yao. Mumewe aliacha kazi, akaingia katika biashara ya mkewe, na wavulana wakasaidia kupeleka mizigo kwa mkokoteni. Kwangu, hapa ndipo maisha ya bibi huyu yanapopendeza kuliko pote. Ujerumani ya siku zile mwanamke hakuwa hata na kura, ambayo aliipata mwaka 1918, na huyu ndiye aliyekuwa mwenye kampuni, mume akimfanyia kazi. Mwaka 1909, katika maonyesho ya biashara ya Leipzig, waliuza vichujio zaidi ya 1,200.

Vita ya Kwanza ilivuruga yote. Hugo aliitwa jeshini, akapelekwa Romania. Madini yalichukuliwa kwa mahitaji ya vita, karatasi ikagawanywa kwa kipimo, na manowari za Uingereza zikafunga bahari hata kahawa yenyewe ikakosekana. Mama huyo alijikimu kwa kuuza maboksi ya karatasi ngumu.

Baada ya vita biashara ilirudi kwa nguvu. Kufikia mwaka 1928 watu wapatao 80 walifanya kazi kwa zamu mbili, na kwa kuwa Dresden haikuwa na nafasi ya kutosha, mwaka 1929 kampuni ilihamia Minden. Mwaka 1932 Bi. Melitta aliwaachia wanawe sehemu kubwa ya hisa, lakini aliendelea kuwaangalia wafanyakazi: likizo yao iliongezwa kutoka siku 6 hadi 15 kwa mwaka, na juma la kazi likapunguzwa kuwa siku tano. Katika miaka hiyo kichujio kilibadilishwa umbo kikawa kama faneli, nayo karatasi ikawa ya kufuata umbo hilo.

Haifai kulificha doa lililofuata. Chini ya Horst, kampuni ilishikamana na utawala wa Hitler, na wakati wa Vita ya Pili ikatengeneza bidhaa za vita. Mzazi anaweza kuacha kiwanda, lakini hawezi kumchagulia mwanawe marafiki.

Sasa nirudi kwenye ubishi wa nyumbani. Nilichojifunza kwa Bi. Melitta ni kwamba hakumchagulia mtu kati ya kikombe na birika. Vichujio vya kampuni yake vilitengenezwa kwa ukubwa mbalimbali, kile kidogo cha kikombe kimoja na kile kikubwa cha buli la jamaa nzima, kazi ikiwa ile ile. Lita moja ya maji na gramu 60 za kahawa huwatosha watu sita. Kwa mashine ya binti yangu, watu sita ni vijikopo sita, takataka sita, na wa kwanza atakuwa ameshamaliza kunywa kabla wa sita hajapewa. Na sisi wa Lanet tunajua kwamba mgeni haji peke yake. Tena karatasi hunasa sehemu ya mafuta ya buni ambayo wataalamu wamegundua kwamba huongeza kolesteroli katika damu, jambo ambalo kahawa ya kuchemshwa bila kuchujwa haliwezi.

Binti ana hoja zake pia. Karatasi hukutaka usimame dakika tatu au nne ukimimina maji kidogo kidogo, na mtu anayewahi matatu alfajiri hana dakika hizo. Mama yake amemjibu kwamba siku stima ikipotea mashine huwa pambo la meza. Nimeamua tununue faneli mbili, ndogo na kubwa, na kahawa iliyosagwa ya kwetu. Mashine haikufukuzwa, ila vijikopo vikiisha atavinunua mwenyewe.

Melitta Bentz alifariki tarehe 29 Juni, 1950, karibu na Minden, akiwa na umri wa miaka 77. Kiwanda kilikuwa kimeanza tena kutoa vichujio na karatasi muda mfupi tu kabla ya hapo. Kampuni ingali mali ya ukoo wake mpaka leo, makao yake yakiwa Minden, na ingali ikiitwa kwa jina lake la kwanza, Melitta.