Mary Ainsworth

Mary Dinsmore Ainsworth (jina la kuzaliwa: Mary Dinsmore Salter, Glendale, Ohio, Marekani, 1 Desemba 1913 – Charlottesville, Virginia, Marekani, 21 Machi 1999) alikuwa mwanasaikolojia anayejulikana kwa kuchunguza uhusiano kati ya mtoto mchanga na mama yake. Sehemu muhimu ya kazi yake aliifanya Uganda.

Maisha

Alikulia Toronto, Kanada, akapata shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Toronto mwaka 1939. Wakati wa Vita Kuu ya Pili alitumikia jeshi la Kanada hadi kufikia cheo cha meja. Mwaka 1950 aliolewa na Leonard Ainsworth, wakahamia London, ambako alifanya kazi na John Bowlby, mwanzilishi wa nadharia ya mwambatano.

Utafiti nchini Uganda

Mwaka 1954 alihamia Kampala pamoja na mumewe. Akisaidiwa na mkalimani wa Kiganda, alitembelea nyumbani familia 26 zenye watoto wachanga 28 katika vijiji vya karibu na mji huo, takriban kila baada ya wiki mbili, kwa miezi kadhaa.

Alikusudia kuchunguza desturi ya kumpeleka mtoto kwa bibi yake anapoachishwa kunyonya. Alipoona desturi hiyo imepungua, aligeukia maisha ya kila siku. Aliona mtoto akimwacha mama ili kuchunguza vitu, kisha akimrudia anapoogopa. Watoto waliotulia zaidi kwa kawaida walikuwa na mama waliofurahia kunyonyesha na walioweza kueleza tabia za watoto wao kinaganaga. Kulelewa pia na ndugu wengine hakukumnyima mtoto utulivu huo. Matokeo yalichapishwa mwaka 1967 katika kitabu Infancy in Uganda.

Kazi ya baadaye

Huko Baltimore, Marekani, alibuni jaribio linalompima mtoto wa mwaka mmoja hivi: mama hutoka chumbani kwa muda mfupi, kisha hurudi, na watafiti hutazama jinsi mtoto anavyompokea. Baadhi ya wataalamu wamepinga kulitumia jaribio hilo bila marekebisho kwa jamii ambazo mtoto hulelewa na watu wengi.

Hata hivyo, utafiti wake umebaki kati ya misingi ya elimu kuhusu chanzo cha utulivu na furaha ya binadamu tangu utotoni.