Heike Kamerlingh Onnes

Heike Kamerlingh Onnes (21 Septemba 1853 – 21 Februari 1926) alikuwa mwanafizikia kutoka nchi ya Uholanzi.

Alizaliwa mjini Groningen. Tangu mwaka 1882 alikuwa profesa kwenye Chuo Kikuu cha Leiden, ambako mwaka 1908 alikuwa mtu wa kwanza kugeuza gesi ya heli kuwa kiowevu. Mwaka 1913 alipewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia.

Mwaka 1911, zebaki ilipopozwa hadi karibu sentigredi -269, ukinzani wake wa umeme ulitoweka ghafla. Alitumaini kutengeneza sumaku-umeme kubwa zisizopata joto, lakini alikuta kwamba uga wa sumaku wenyewe huirudisha metali kwenye ukinzani.

Leo saketi nyingi za kompyuta za kwanta huelekeza mawimbi ya mikrowevu kupitia alumini au niobi iliyopozwa hata zaidi, kwa kuwa ishara hafifu hupotea kidogo sana njiani.