Joseph Thomson

Bila shaka umesikia habari za swala tomi. Jina lake limetokana na Joseph Thomson, mwana wa mchonga mawe, aliyezaliwa Scotland mwaka 1858. Alisomea elimu ya miamba, lakini hakuweza kujilipia safari za uchunguzi. Mwaka 1879 Chama cha Kifalme cha Jiografia cha London kiligharimia msafara kutoka Dar es Salaam. Kiongozi wake, Keith Johnston, alifariki Behobeho. Thomson, kijana wa miaka 21, hakurudi nyuma. Akisaidiwa na Chuma, mkuu wa wapagazi, alifika kaskazini ya Ziwa Nyasa, upande iliko Mwaya. Safarini alichunguza miamba na kukusanya makombe ya konokono wa ziwani. Alifariki mwaka 1895.

Kumbuka, mwanafunzi: fedha za wafadhili zilimfungulia njia, bali ushupavu wake na ujuzi wa Chuma ndivyo vilivyoufikisha msafara ziwani.