Sante Kimes: mama na mwanae waliofanya utapeli mpaka kuua

Leo nawaletea maisha ya mama mmoja wa Marekani, Sante Kimes. Sisi watu wa mpakani matapeli tunawajua, yule anayekupunja kwacha ukiwa unamwangalia, yule anayeuza kiwanja kimoja kwa watu wawili. Lakini huyu mama alikuwa levo nyingine kabisa.

Alizaliwa Oklahoma 1934. Maisha yake yalikuwa wizi, kughushi saini na kubadili majina. Akampata tajiri wa moteli, Kenneth Kimes, na 1975 wakazaa mtoto wa kiume, naye akaitwa Kenneth. Mwaka 1986 mama akapatikana na hatia ya kuwafanya watumwa wasichana wa kazi kutoka Mexico. Aliwafungia ndani, mshahara hakuna! Akaenda jela miaka kama 3, dogo yuko shule ya msingi.

Mzee akafariki 1994. Hapo mama na mwana wakawa timu moja.

Machi 1998 rafiki wa familia, David Kazdin, akapigwa risasi Los Angeles. Kosa lake? Aliwahi kuwakubalia jina lake likae kwenye hati ya nyumba yao ya Las Vegas. Mama akaghushi saini yake, akakopa dola 280,000. Jamaa alipogundua, akagoma kunyamaza. Hapa ndipo niliposhtuka, maana huku kwetu kumwazima mtu jina kwenye hati ni jambo la kawaida, tena bila kuandikishana.

Juni mwaka huohuo kijana akapanga kwa mjane tajiri wa New York, bibi Irene Silverman wa miaka 82, kwa jina feki. Walichotaka ni nyumba yenyewe. Tarehe 5 Julai bibi akatoweka. Siku ileile wakadakwa kwa hundi feki ya gari, na karatasi za bibi wanazo. Mwili haukupatikana, lakini mwaka 2000 kila mmoja alikula kifungo cha zaidi ya miaka 120.

Ikabaki kesi ya Kazdin kule California, ambako kuna adhabu ya kifo. Kijana akakiri ili wapone wote wawili, na 2004 akasimama kizimbani kumtolea ushahidi mama yake mzazi. Akaeleza pia alivyomnyonga bibi Silverman.

Mama alifia gerezani Mei 2014, ana miaka 79. Hakukiri.