Friedrich Froebel, Mtunza Bustani ya Watoto

Katika ukurasa wetu wa maisha ya watu mashuhuri, safari hii tunawaletea habari za Mjerumani mmoja. Huku kwetu Ngara na Biharamulo, tukisikia neno Mjerumani twakumbuka lile boma la zamani pale Biharamulo na siku za utawala wa kiboko. Mjerumani huyu alikuwa wa namna nyingine. Hakufika kwetu kamwe, naye alifariki zaidi ya miaka thelathini kabla ya nchi yake kuanza kututawala. Hata hivyo, kila darasa la chekechea, au la vidudu kama tulivyozoea kuliita, lina deni kwake.

Friedrich Froebel alizaliwa tarehe 21 Aprili 1782 katika kijiji cha Oberweissbach, kwenye milima yenye misitu ya Thuringia. Baba yake alikuwa mchungaji wa Kilutheri mwenye kuhudumia vijiji vingi. Mtoto alipokuwa na umri wa miezi tisa, mama yake alifariki. Baba akaoa tena, na mama wa kambo alipojaliwa mtoto wake mwenyewe, akampa Friedrich kisogo. Baba naye alishikwa na kazi za kanisa, na alipopata nafasi ya kumfundisha mwanawe alimwona kuwa mzito wa akili. Basi mtoto huyu wa mchungaji alikua kama yatima nyumbani mwa baba yake. Rafiki zake walikuwa maua ya bustanini, mawe na wadudu.

Alipofika miaka kumi, mjomba wake, ambaye naye alikuwa mchungaji, alimchukua akae kwake katika mji wa Stadtilm. Huko alipata upendo, shule, na wenzake wa kucheza nao. Alipokuwa na miaka kumi na mitano alipelekwa kwa bwana misitu ili ajifunze kazi. Bwana huyo hakumfundisha sana, lakini kijana alisoma peke yake vitabu vya hesabu na vya mimea, akatembea msituni akikusanya majani na kuyalinganisha. Mwaka 1799 aliingia Chuo Kikuu cha Jena. Fedha zikamwishia, akafungwa wiki tisa kwa ajili ya deni, akarudi nyumbani kwa aibu.

Kwa miaka kadhaa alihama kutoka kazi hii hadi ile. Mwaka 1805 alikwenda Frankfurt akitaka kusomea ujenzi, na mkuu wa shule moja akamshauri ajaribu ualimu. Siku aliposimama mbele ya watoto alijua kwamba amepata kazi yake. Baadaye alikaa miaka miwili, tangu 1808 hadi 1810, huko Yverdon katika Uswisi, kwa mwalimu mashuhuri Pestalozzi, aliyefundisha kwamba mtoto aanze na kitu chenyewe mkononi kabla ya kupewa maneno juu ya kitu hicho.

Froebel akarudi chuoni kusoma sayansi. Baada ya kutumika katika vita dhidi ya Napoleon, alipata kazi katika makumbusho ya madini huko Berlin. Kazi yake ilikuwa kupanga fuwele, yaani yale mawe yenye nyuso na pembe zilizonyooka kana kwamba yamechongwa na fundi. Ukitazama kwa makini punje ya chumvi ya mawe utaona jambo hilo hilo: ni mchemraba mdogo. Froebel alistaajabu kuona kwamba jiwe lililofichika ardhini linafuata hesabu, kama vile ua linavyofuata hesabu katika petali zake. Kwake hesabu haikuwa adhabu ya darasani. Ilikuwa alama ya mkono wa Muumba katika kazi yake, na mtoto alistahili kuiona mapema.

Wakati huo ndugu yake Christoph, aliyekuwa mchungaji wa Griesheim, alikuwa amekwisha kufariki. Mwaka 1813 aliwahudumia askari wagonjwa, akaambukizwa homa ya vita, yaani tifasi, akaacha mjane na watoto watatu wa kiume. Mwaka 1816 Froebel aliacha kazi ya makumbusho, akaenda kuwalea na kuwafundisha watoto wa ndugu zake. Shule yake ya kwanza ilianza hivyo, na mwaka 1817 ikahamia kijiji cha Keilhau. Sisi wa Kagera, tuliozika wazazi wengi kwa ajili ya UKIMWI tangu miaka ya 1980, tunafahamu uzito wa uamuzi wa namna hiyo. Wako wengi katika parishi zetu walioacha mipango yao ili watoto wa marehemu ndugu yao wapate kula na kusoma.

Alipokuwa amefundisha miaka mingi, Froebel aligundua kwamba walimu wanachelewa. Mtoto anapofika darasa la kwanza, tayari amekwisha kujifunza mengi au amekwisha kunyimwa mengi. Kwa hiyo mwaka 1837, akiwa na miaka hamsini na mitano, alianza kazi mpya katika mji mdogo wa Blankenburg: kuwahudumia watoto wadogo kwa njia ya mchezo. Mwaka 1840 aliipa kazi hiyo jina la Kindergarten, maana yake bustani ya watoto. Mtunza bustani haivuti mche ili ukue upesi. Anapalilia, anamwagilia, na anangoja.

Froebel alitengeneza vitu vya kuchezea, akaviita zawadi. Zawadi ya kwanza ni mipira sita laini ya sufi, kila mmoja na rangi yake, imefungwa kamba. Mtoto anaubembeza mpira, anauficha, anauona tena, na hapo anajifunza juu na chini, mbele na nyuma, upo na haupo. Zawadi ya pili ni ya mti: tufe, mchemraba, na umbo kama kopo. Tufe linabingirika kila upande, mchemraba unakaa, na kopo linafanya yote mawili. Ukiutundika mchemraba kwa uzi na kuuzungusha kwa kasi, macho yanaona umbo kama kopo. Zawadi ya tatu ni mchemraba mmoja uliokatwa vipande vinane vilivyo sawa. Mtoto anajenga kiti, ngazi au kisima, kisha anarudisha vipande vyote viwe mchemraba tena. Bila kuambiwa neno sehemu, ameshika nusu, robo, na moja ya nane. Tena kila mtoto alikuwa na kitalu chake cha kupanda mbegu, na kitalu kingine kilikuwa cha wote.

Watu walimcheka. Baadhi yao walimwona kama mzee aliyerukwa na akili, maana alishikana mikono na watoto wa kijiji akicheza na kuimba nao. Yeye hakujali. Aliwafundisha wasichana kazi hiyo, jambo lililokuwa geni siku zile, kwa sababu aliamini kwamba kulea akili ya mtoto ni kazi ya kusomewa.

Kisha likaja pigo kubwa. Mwezi wa Agosti 1851 serikali ya Prussia ilipiga marufuku bustani zote za watoto. Ilidai kwamba zinafundisha watoto kumkana Mungu na kupinga serikali. Mtoto wa ndugu yake, Karl Froebel, alikuwa ameandika mambo ya siasa, na serikali ikawachanganya wawili hao. Mzee, mtoto wa mchungaji, aliyeona alama za Mungu hata katika jiwe, alishtakiwa ukafiri. Alijieleza na kukata rufani, lakini marufuku haikuondolewa. Alifariki tarehe 21 Juni 1852 huko Marienthal, kazi yake ikiwa imekatazwa katika dola kubwa kabisa ya Kijerumani kaskazini. Juu ya kaburi lake rafiki zake waliweka mchemraba, umbo la kopo, na tufe, vyote vya jiwe. Marufuku iliondolewa mwaka 1860, na wakati huo wanafunzi wake walikuwa wamekwisha kuipeleka mbegu Uingereza na Marekani.

Kwetu Tanzania, sera ya elimu ya mwaka 1995 iliingiza elimu ya awali katika mfumo wa shule, na makanisa mengi yana madarasa ya watoto wadogo. Hilo ni jambo la kushukuru. Lakini tujiulize: watoto wetu hufanya nini humo? Mtoto anayeimba moja hadi mia huku hawezi kukuletea maharage matatu hajajua hesabu. Amejua wimbo. Wazazi wengine humlaumu mwalimu wakikuta watoto wanacheza, wakisema ada yao inapotea.

Ndugu zangu, zawadi za Froebel hatuna haja ya kuziagiza Ulaya. Mpira wa majani makavu ya mgomba tunao. Udongo wa kufinyanga maumbo tunao. Maharage na punje za mahindi za kupanga mbili mbili tunazo, na bao linafundisha kuhesabu na kufikiri mbele. Kibuyu na vikopo vya ukubwa mbalimbali vinatosha kumwonyesha mtoto vipimo vya maji. Kitalu cha hatua mbili kando ya kanisa kinatosha kumfundisha mbegu inavyoota. Kinachohitajika zaidi ni mtu mzima mwenye subira, akubaye kuketi chini na kuuliza maswali madogo.

Bwana wetu aliwakaribisha watoto wakati wanafunzi wake walipotaka kuwafukuza. Tusiwe sisi wa kuwafukuza tena kwa fimbo na kelele, tukidhani mchezo wao ni upuuzi. Kwa mtoto wa miaka minne mchezo ndio shule, na mlango wa kwanza wa kuzijua kazi za Mungu.